Pengo la Baba wa Bibi Harusi

Bugene, Jumatatu, 6 Septemba 1954

Habari njema. Daktari wa meno wa Bukoba atafika hapa Jumanne ya wiki ijayo, tarehe 14, ataketi kwenye baraza la duka kubwa. Dereva wa lori la kahawa ndiye aliyeileta habari. Anasema daktari ana kiti kinacholala na mashine ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani. Tena huko mjini amewapa watu wazima meno mapya, na watu hao sasa wanacheka hata msibani.

Mimi nina pengo la meno mawili, ya juu, ya mbele. Mwaka juzi baiskeli ilinitupa kwenye mteremko wa Ihanda na jiwe halikunihurumia. Tangu hapo sijacheka mbele za watu. Nikisema naziba mdomo kwa kiganja, kama mtu anayepiga miayo kanisani. Na sasa Jumamosi ya tarehe 18 naozesha binti yangu wa kwanza, Evangelina. Wakwe wanatoka Muleba, watu wa ofisini. Lazima nisimame mbele yao nimkabidhi mtoto kwa maneno. Na jina lake siwezi kulitamka. Linatoka upepo mtupu. Bwana harusi naye, katika majina yote ya watakatifu, wazazi wake walimchagulia Cassian. Mdomoni mwangu anakuwa Kashian.

Mke wangu Adelgunda amesema nikishindwa, kaka yake Melkiory atasema kwa niaba yangu. Melkiory ana jino la dhahabu alilowekewa Kampala. Huyo hata ukimuuliza njia hujibu kwanza kwa kutabasamu.

Hatasema yeye. Nitasema mimi, na nitasema nikiwa na meno.

Jumatano, 8 Septemba

Melkiory kaja bila kuitwa. Kasikia habari za daktari. Kakaa, kanywa togwa yangu, kanipa ushauri.

"Shemeji," alisema, "kwa daktari wa meno usifiche kitu. Nenda umeshiba, maana sindano haipatani na tumbo tupu. Mwonyeshe mdomo wote. Kama kuna jino bovu, mtajie mwenyewe kabla hajaliona."

Nilimshukuru. Alipoondoka nikakaa chini ya paa la banda la kahawa, nikafikiri. Mtu anayetaka kuchukua hotuba yangu atanipaje ushauri mwema? Hapana. Kila alichosema nitafanya kinyume chake.

Ni kweli ninalo gego bovu, upande wa kushoto, nyuma. Linanisumbua tangu masika. Lakini daktari akiliona ataona mimi si mtu wa kupewa meno mapya. Nani anaezeka bati juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa? Gego litafichwa.

Alhamisi, 9 Septemba

Mabira, kwa baiskeli. Njia ndefu, vumbi, ng'ombe wamelala barabarani kana kwamba wameilipia kodi. Nilikwenda kwa Elpidius, mchongaji wa fimbo na vyombo vya maziwa. Hoja yangu ni hii: mdomo wangu umeshasahau kubeba meno. Siwezi kuupeleka kwa daktari ukiwa haujazoea. Nikamwomba anichongee meno mawili ya mfupa wa ng'ombe ya kufanyia mazoezi.

Elpidius alinitazama sana. Alisema yeye huchonga vitu vya kushikwa, si vya kuuma. Nikamsihi. Mwishowe akachonga, meno mawili yaliyoungana, yenye vitundu pembeni vya kupitisha uzi. Nimeyafunga kwenye meno ya jirani. Yanakaa. Ni marefu kidogo.

Nimerudi nimechoka lakini nina meno. Adelgunda amenitazama kwenye mwanga wa moto, akasema nafanana na sungura aliyepokea habari mbaya. Watu wa nyumbani ndio wa mwisho kuona maendeleo.

Jumamosi, 11 Septemba

Siku ya aibu. Naiandika ilivyokuwa.

Mshenga wa wakwe, Bwana Placidius, alikuja kuthibitisha mambo ya harusi. Mtu mpole, mvi kichwani, anaongea taratibu. Nilivaa meno yangu ya mfupa. Nikasema "Evangelina", likatoka zima. Nikaona jicho la Bwana Placidius linaniheshimu.

Ndipo Adelgunda akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Desturi ni desturi, mwenye nyumba hutangulia. Nikatia punje mdomoni, nikauma kwa mbele. Uzi ukakatika. Nikainamia kikapu haraka kama mtu anayechagua punje nyingine, na meno yakatumbukia humo humo, katikati ya kahawa. Kabla sijayaokota Bwana Placidius alishapeleka mkono. Macho yake yalikuwa kwangu, yakingoja nimalize sentensi.

Akatia mdomoni. Akauma. Kukasikika mlio.

Alisogeza taya kushoto na kulia. Kisha akasema kwa adabu kwamba kahawa ya mwaka huu tumeikausha sana. Akatoa kitambaa, akatemea ndani, akakikunja bila kuangalia, akatia mfukoni. Aliondoka ameshika shavu. Meno yangu ameondoka nayo.

Adelgunda alinifuata hadi kwenye mlango wa jikoni. Hapo akaniambia kwamba harusi ikivunjika, nitamweleza Evangelina mwenyewe.

Jumatatu, 13 Septemba

Maandalizi ya mwisho. Nimesugua meno yaliyobaki kwa mkaa uliosagwa na chumvi, ili daktari aone ukoo mzuri. Ufizi umetoka damu. Nikasugua tena.

Sijala tangu asubuhi wala sitakula. Melkiory alisema niende nimeshiba.

Evangelina alinikuta nyuma ya nyumba natema weusi. Alikaa karibu nami. Kanga yake ilikuwa na majani ya mgomba, alikuwa akikata ndizi za rubisi, pombe ya harusi yake mwenyewe. Aliniuliza kwa nini najitesa. Nikamwambia sitaki wakwe wamcheke.

"Tata," alisema, "mimi hilo pengo nimeshalizoea. Nisilolizoea ni kutokusikia ukicheka. Nyumba imekuwa kimya. Naondoka Jumamosi, na sijui kama nitaondoka na sauti hiyo."

Nilitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa umejaa mkaa. Akanyanyuka, akarudi kwenye ndizi zake.

Ni mtoto mwema, lakini mambo ya heshima hajayajua. Nimekwisha kulainisha nta ya nyuki. Kesho nitaziba nayo tundu la gego.

Jumanne, 14 Septemba

Nilifika barazani mapema, koti jeusi, tai ya kuazima, tumbo tupu, gego limezibwa. Watu walikuwa wamejipanga. Aliyenitangulia mbele alikuwa amejifunga kitambaa taya zima. Nikamwamkia shikamoo kabla sijamtambua. Alikuwa Bwana Placidius. Alinijibu marahaba kwa upande mmoja wa mdomo. Hatukuzungumza juu ya kahawa.

Zamu yangu ikafika. Daktari ni mtu mwembamba wa makamo, ana miwani, mikono yake inanuka sabuni. Aliuliza nimekuja kwa shida gani. Nikamwambia nataka meno mawili ya mbele, meupe, yawe tayari Ijumaa. Akaniambia leo ni kuangalia na kushauriana tu. Meno ya bandia hupimwa kwa nta, yakatengenezwa Bukoba, yakarudi baada ya miezi.

Nilifurahi kusikia neno nta. Nikadhani tumeelewana.

Aliuliza kama lipo jino linaloniuma. Nikasema hakuna. Akaniambia nifungue mdomo zaidi. Nikafungua upande wa kulia. Akaomba wa kushoto. Nikasema huo haufunguki, nimezaliwa hivyo. Akawasha taa ndogo yenye joto akaishika karibu na shavu. Ikakaa hapo. Nta ikayeyuka, ikateremka kwenye ulimi, na gego likapata hewa. Nilisimama kitini bila kukusudia.

Daktari hakukasirika. Alichukua kitambaa, akafuta nta, akainusa. Akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyenifundisha. Nikasema ni mazoea ya kwetu. Akasema ufizi nimeuchubua kama mtu aliyekula vigae. Jino hilo lina usaha, lazima litoke leo, la sivyo sumu itapanda kichwani. Mengine yote ni mazima, yana nguvu kama ya fahali, na hayo nimshukuru Mungu. Ya mbele tutazungumza kidonda kikipona.

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula ndizi na nyama.

Sindano ilipoingia, baraza lilianza kuzunguka. Nakumbuka uso wa Bwana Placidius ukinitazama kutoka juu, kwa huruma, na mkono wake ukinipepea kwa kofia yangu.

Nilizinduka sina gego.

Ijumaa, 17 Septemba

Shavu limevimba. Upande mmoja wa uso mimi ni Methodius yule yule, upande mwingine ni mtu nisiyemjua. Meno ya mbele hakuna, na sasa hata sauti "k" imekuwa nzito.

Nimejaribu hotuba mbele ya ng'ombe. Ng'ombe wameondoka.

Melkiory kaja na majani ya kukanda shavu. Akaniuliza kama ningependa kumsomea hotuba, ajue itakavyokwenda. Nikamwambia haiko tayari. Nimeielewa nia yake. Hata hivyo majani nimeyatumia.

Jumapili, 19 Septemba

Imekwisha. Ameondoka.

Misa ya jana ilikwenda vizuri. Nyumbani wakwe waliketi upande wa kulia, kwenye nyasi mpya tulizozitandika. Baba wa Cassian, Mzee Mutalemwa, karani mstaafu, alikaa katikati na bakora yake. Watu walikuwa wengi hadi kwenye migomba. Nikaitwa.

Nilisimama. Nikaondoa kiganja mdomoni, maana shavu lilikuwa limevimba kiasi kwamba kiganja hakikutosha. Nikasema, "Wakwe zetu, huyu ni binti yangu," nikataja jina. Likatoka upepo. Nikarudia. Mama mmoja wa Muleba akamuuliza jirani yake nimesema nini.  Nikamtazama Evangelina. Alikuwa ameinamisha kichwa kama inavyompasa bibi harusi, lakini mikono yake ilikuwa ikivuta ncha ya kitambaa kilichomfunika uso.

Ndipo Melkiory akasimama. Nikajua. Siku imefika.

Alikuja hadi ubavuni kwangu.  Aliniinamia, akaniambia polepole, "Endelea, shemeji. Mimi nitafikisha."

Nikasema kwamba mtoto huyu alizaliwa mwaka wa njaa, na tukampa jina la habari njema kwa sababu hatukuwa na nyingine. Melkiory akairudia kwa sauti, neno kwa neno. Nikasema kwamba alipokuwa mdogo alinifuata shambani akibeba jembe refu kuliko yeye. Akairudia. Nikasema kwamba sikumfundisha mengi, na yale mema aliyonayo ameyatoa kwa mama yake. Hapo Melkiory alimgeukia dada yake, ndipo akaifikisha. Nilisikia akina mama wakilia upande wetu, kisha upande wao.

Mwisho nikataka kusema, "Cassian, mpende." Likatoka, "Kashian, mhende." Melkiory alinitazama. Naye kwa uaminifu wake wote akalirudia hivyo hivyo: "Kashian, mhende."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha kutoka chini ya kitambaa cha bibi harusi kikatoka kicheko, kidogo, cha puani. Nikakitambua. Ni changu, nilimrithisha. Nikacheka. Pengo wazi, shavu limevimba, mbele ya watu wote wa Muleba. Sikumbuki mara ya mwisho tumbo langu lilipofanya hivyo. Evangelina alifunua uso akanitazama hadi nilipomaliza.

Wameondoka na lori jioni. Nimebaki nikiutazama mkono wake hadi kwenye kona.

Jumanne, 21 Septemba

Nyumba kimya. Nimepata nafasi ya kufikiri.

Watu wote njiani wanasifu hotuba. Nimechunguza wanachosifu. Wanasifu sauti ya Melkiory. Kila neno langu zuri lilipita kwenye dhahabu yake likatoka linameta. Kwa hiyo aliichukua hotuba yangu baada ya yote, tena kwa njia ya kusifiwa wema.

Lakini kwenye harusi ile nilijifunza jambo moja kubwa. Wakati wa chakula nilikaa karibu na Mzee Mutalemwa. Alipoletewa nyama, aligeuka pembeni, akatoa meno yake yote mdomoni, juu na chini, akayatia mfuko wa koti. Meno yote ya bandia! Meupe kama maziwa, yamejipanga kama wanafunzi mstarini. Nilimwomba niyaone. Alinipa, akaniambia kwa huzuni nisije nikamwiga.

"Bwana, yangu yalioza, sikuwa na hiari," alisema. "Tangu niyavae sijui ladha ya nyama. Wewe una yako mazima. Yatunze."

Nilimwitikia kwa heshima. Usiku nimeyapima maneno yake. Mzee huyu ndiye peke yake katika ukoo huu mpya mwenye meno ya namna ile, na bila shaka angependa ibaki hivyo.

Kwa nini basi mimi nihangaike na mawili? Mawili mapya kando ya ya zamani yataonekana tu kuwa ni kiraka. Mdomo mzima, ndiyo heshima. Na pale watakapoleta mjukuu nyumbani, nitamtaja jina lake lolote watakalompa.

Nimemtuma dereva wa lori amwambie daktari anitengee asubuhi nzima atakaporudi. Kikwazo kimoja tu: alisema meno yaliyobaki yana nguvu kama ya fahali. Nimeanza leo kuyatikisa kwa kidole, moja moja, ili siku hiyo tusipoteze muda.