Mnara wa Saa, Siku Mbili, na Picha Moja ya Mke Wangu

Jumatatu, 4 Agosti

Mzee Lenzi, mpiga picha mwenzangu, kanifanyia tena. Nimefungua studio asubuhi, kutupa jicho ng'ambo ya barabara, naona watu saba wamejazana mbele ya dirisha lake. Nilidhani kuna mwizi kakamatwa. Kumbe wanatazama picha! Mnara wa saa wa jiji kuu, jua linazama, anga jekundu, ukubwa wa mlango mzima. Mteja wangu wa pasipoti, ambaye nilishamkalisha kwenye kigoda, aliomba ruhusa akaione kidogo. Aliporudi akaniuliza kama na mimi hupiga picha kama zile. Nikamwambia kidevu juu.

Ndiyo maana mji mzima unaniita Kidevu Juu. Miaka kumi na minne ya pasipoti, vitambulisho na vyeti. Hakuna uso hapa ambao sijaunyoosha. Hakuna ofisi iliyowahi kuirudisha picha yangu. Lakini nani atasimama barabarani kutazama picha ya pasipoti?

Nimeamua. Nitaupiga mnara ule ule, ila jua likichomoza. Atakoma.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia mke wangu tunakwenda jijini siku mbili, Jumamosi na Jumapili. Fungate ile tuliyoikosa, nikasema. Mnara sikuutaja.

Alisimama na mwiko mkononi. Kisha akasema atakuja kwa sharti moja. Tuna miaka kumi na miwili ya ndoa. Nimepiga picha kila mtu, hata mbuzi wa jirani alipopotea, na yeye hana picha niliyompiga ila ile ya kitambulisho, ambayo anaonekana kama mtu anayetafutwa na polisi. Anataka moja tu. Yuko matembezini, kapendeza, kafurahi, na anayempiga ni mume wake. Akasema nikishindwa hata safari hii, hataniomba tena, basi.

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningejua la kufanya.

Nikamwahidi. Na nilimaanisha, jamani! Saa hiyo hiyo nikachukua rula nikaanza kuchora ratiba.

Alhamisi, 7 Agosti

Ratiba imekamilika. Vivutio thelathini na kimoja kwa siku mbili. Mnara wa saa, Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika arobaini na tatu asubuhi. Kisha madaraja mawili, soko la maua, stesheni ya zamani, sanamu tisa (mbili ni za farasi, nimezipa dakika moja moja). Mke wangu ana dakika nane nzima, Jumapili, mbele ya jumba la makumbusho. Sanamu yenyewe ya farasi haijapata hizo!

Mama mkwe amekuja kukaa na watoto. Akaisoma ratiba yote kwa miwani, kutoka juu mpaka chini, halafu akauliza binti yake atakula saa ngapi. Kweli. Nilisahau kula. Nimepunguza dakika nne kwenye daraja la pili.

Jioni Mzee Lenzi akavuka barabara, tabasamu kubwa usoni, akauliza tunasafiri kwenda wapi. Mtu mbea yule! Ili nimpoteze nikamwambia nampeleka mke wangu kwa daktari bingwa. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Kabla hatujala chakula cha jioni majirani sita walishafika, nyuso zimewashuka, wameshika chupa za maji ya matunda, wanamwambia mke wangu ajipe moyo. Mmoja alilia. Mke wangu alinitazama kwa namna ambayo sitaieleza hapa.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumefika kwa treni, giza limeshaingia na uwanja wa mnara hauna taa. Mimi na begi la kamera, miguu mitatu ya kusimamishia kamera, na mwavuli mweupe wa kutawanya mwanga. Mke wangu na gauni jipya la kijani, limekunjwa vizuri ndani ya karatasi. Njia nzima alikuwa anachungulia dirishani na kuimba chini chini. Sijamsikia akiimba tangu mtoto wa pili alipoanza shule.

Nyumba ya wageni nimeichagua mimi, kwa kuwa inatazamana na mnara. Nilimwambia dada wa mapokezi kwamba nina maradhi, vyumba vya chini vinanipandisha presha, lazima nilale ghorofa ya juu kabisa. Akanihurumia. Tukapanda ngazi tisini na mbili na mizigo. Nikafungua pazia kwa madaha.

Tangi la maji! Kubwa, jeusi, limeziba dirisha lote.

Nikarudi kwa dada wa mapokezi kumweleza kuwa presha imetulia, anipe cha chini. Akasema vya chini vimejaa, na vyote vinaona mnara.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa uwanjani, kungali kiza, kamera juu ya miguu yake, roho juu. Mke wangu alikaa kwenye benchi na gauni lake la kijani, anapiga miayo. Jua likachomoza kwa wakati, dakika ile ile niliyoiandika. Likaangaza maturubai.

Mnara mzima umevikwa maturubai ya bluu! Mbao, vyuma, ngazi, ndoo. Wanaukarabati. Nimepanga kila kitu, mpaka mwelekeo wa upepo, na hakuna aliyenong'ona kuwa mnara umefungwa kama mgonjwa wa kuvunjika mifupa. Mzee Lenzi lazima alijua. Anajua kila kitu, mshenzi yule.

Mke wangu akasema, kwa upole tu, basi twende tukanywe chai. Nikamwambia anipe dakika kumi.

Kwenye uzio palikuwa na fulana za njano za mafundi na kofia ngumu. Nikajisemea, kama mnara haupigiki kutoka chini, basi nitaupiga kutoka juu. Nikavaa, nikaficha kamera kifuani. Sijamaliza hatua tatu, msimamizi akanikamata bega na kuniuliza ndiyo nafika saa hizi. Alidhani ni mimi kibarua mpya aliyeahidiwa. Ningekataa ningetolewa nje. Nikamwomba radhi, nikasema nimechelewa kwa sababu ya foleni. Akanipa ndoo mbili za saruji iliyokorogwa.

Muda wa saa tatu na nusu, kupanda na kushuka! Mikono haishiki kalamu vizuri hata sasa. Msimamizi alinisifu, akasema vibarua wa siku hizi ni wavivu, lakini mimi nina bidii. Sikatai, nilifurahi kidogo.

Saa nne hivi nikafika kileleni. Nikatoa kamera. Jiji lote chini yangu! Nikapiga picha sitini na tatu bila kupumua. Ni pale niliposhuka ndipo nilipozitazama na kugundua tatizo. Ukiwa juu ya mnara, mnara hauonekani. Jambo hili hakuna kitabu cha upigaji picha kilicholiandika.

Benchi lilikuwa tupu. Mke wangu nilimkuta mkahawani ng'ambo ya uwanja, meza moja na walimu wastaafu wanane waliokuja matembezini, wanawake kwa wanaume, wanacheka mpaka wanafuta machozi. Alikuwa anawasimulia habari za daktari bingwa. Nilipoingia na saruji kwenye nyusi wakacheka upya. Walimwalika kesho wakapande mitumbwi ya kupiga kasia kwenye ziwa la bustani. Nikawashukuru kwa niaba yake na kuwaambia kesho tuna ratiba.

Mke wangu hakuimba tena leo.

Jumapili, 10 Agosti

Siku ya ahadi. Nimeamka nimepiga moyo konde. Nilisema kabla ya kitu chochote kingine nitampiga picha yake, hata kabla ya sanamu. Mtu asije akasema mimi si mume!

Alilinyoosha gauni la kijani kwa pasi aliyoiazima mapokezi. Akajipaka mafuta, akavaa hereni za mama yake. Mbele ya jumba la makumbusho kuna ngazi pana, maua mekundu pande zote mbili, chemchemi inaruka, njiwa wamejaa. Alisimama katikati ya njiwa, akageuka, akaniuliza asimame wapi.

Kando ya mlango niliona ukuta. Mweupe! Msafi, hauna ufa, mwanga umetulia juu yake kama maziwa kwenye bakuli. Miaka kumi na minne sijapata ukuta wa namna ile. Nikamshika mkono nikampeleka. Nikamwambia atoe hereni, zinaakisi mwanga. Asogeze nywele, masikio yaonekane yote mawili. Mabega sawa. Midomo ifungwe, asicheke. Kidevu juu. Nikapiga.

Picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga. Hakuna kivuli hata kimoja. Nilimwonyesha papo hapo.

Akaitazama muda mrefu. Akauliza hiyo ni ya kuombea viza ya nchi gani.

Nikamweleza kwamba ofisi yoyote duniani ingeipokea. Akanirudishia kamera, akavaa hereni zake moja moja, akasema ameuona mchango wangu na anashukuru. Halafu akasema anakwenda ziwani kwa walimu, mimi nimalizie sanamu zangu, tutakutana stesheni. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa, ile anayoongea na wateja wangu.

Nikataka kumfuata. Kweli nilitaka, miguu ilinyanyuka. Lakini saa ilikuwa tatu na dakika kumi na mbili na farasi wa kwanza alikuwa wa tatu na robo.

Nimepiga vivutio kumi na tisa. Kumi na saba vimekatwa chini, maana mkono wangu umezoea kuanzia kidevuni.

Jumatano, 13 Agosti

Tangu turudi, mke wangu ananisalimia vizuri, ananipakulia vizuri, ananiitikia vizuri. Nimechoka na vizuri hiyo! Watoto wameuliza picha za safari ziko wapi. Nikawaonyesha paa za jiji sitini na tatu. Mdogo akalala tulipofika ya tisa.

Leo asubuhi watu wamejaa tena kwa Mzee Lenzi, zaidi ya wiki iliyopita. Wanacheka, wanaelekeza vidole. Nikajizuia mpaka saa tano. Nikavuka.

Mnara umeondolewa dirishani. Badala yake yuko mke wangu, ukubwa wa mlango. Yuko ndani ya mtumbwi, kasia liko hewani, gauni la kijani limelowa mpaka magotini, kichwa kimerushwa nyuma, anacheka kwa mdomo wazi kabisa. Kumbe ilipigwa na mwalimu mstaafu wa hesabu kwa simu ya mke wangu! Mzee Lenzi akaniambia mke wangu alikuja mwenyewe kuikuzisha, hakutaka kunisumbua kwa kuwa mimi nina kazi nyingi za pasipoti. Kuitundika ni yeye Lenzi aliyemwomba ruhusa. Akanipa pole, na nadhani aliimaanisha, jambo lililoniuma zaidi.

Mama mkwe alikuwapo, kavaa miwani, anamwambia kila apitaye kuwa huyo ni binti yake.

Niliumia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Miaka kumi na miwili, na sijawahi kumwona akicheka hivyo mbele ya kamera yangu. Nilisimama pale mpaka mteja akaja kunitafuta.

Lakini mstari wa maji umepinda, na sikio la kushoto halionekani hata kidogo.

Jumamosi, 16 Agosti

Jana nilimkiria mke wangu yote. Nikasema mnara ulinitia wazimu. Nikasema picha ya dirishani ni nzuri, na kwamba ningetoa lenzi zangu zote iwe nimeipiga mimi. Akaendelea kukunja nguo za watoto. Sikutegemea kitu.

Leo saa kumi alasiri nilimkuta jikoni anakanda unga, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Jua la dirishani lilikuwa linamwangukia begani. Bila kugeuka akasema, haya, alisema hataomba na haombi, ila kamera ikiwapo karibu, nimpige sasa hivi. Hapo hapo alipo, na kanga yake kuukuu, na unga wake. Akageuka. Alikuwa anatabasamu, lile tabasamu lenyewe, na safari hii ananitazama mimi.

Nikanyanyua kamera. Nikaona nyuma yake masufuria, vitambaa vya meza, kalenda ya mwaka juzi. Fujo tupu. Nikamwambia asisogee hata ukucha, nakuja.

Nikakimbia studio. Nikachukua shuka jeupe, misumari minne, nyundo. Misumari ikawa mifupi, nikapita dukani. Dakika ishirini na tano tu, na mimi nilikimbia kwenda na kurudi.

Unga uko mezani, umefunikwa kwa sahani. Mtoto anasema mama ametoka na bibi, wamekwenda kutembea, na hakuuliza nitarudi lini. Nimelitundika shuka, limenyooka safi, hakuna kivuli. Nimelipiga picha moja ya majaribio likiwa tupu, na imetoka vizuri sana.