Ufunguo wa Chumba cha Pampu

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Gitega.
Kikosi cha zimamoto cha kiwanda chetu cha kahawa kinatimiza miaka arobaini. Mama Mkurugenzi anataka historia yake iandikwe; siku ya sherehe atamtaja mkuu mpya wa kikosi. Nimejitolea kuandika kabla hajamaliza kusema. Mkuu wa kwanza alikuwa marehemu baba yangu, mzee Athumani. Wakisoma wataona ukuu uko kwenye damu! Kasiano, mwenzangu kikosini, naye anautaka. Amekulia Tanzania, ana Kiswahili cha redioni, na anajua kutandaza mpira wa maji kwa dakika moja. Basi, hana zaidi.

Jumatano, 3.
Kurasa nne tayari. Moto wa 1989: baba anauzima peke yake, anatoka motoni na gunia la kahawa begani. Nimelia mwenyewe nikiandika. Kasiano kauliza shahidi ni nani. Mchokozi! Nikamtaja Bibi Kadidja, mchambuzi wa zamani wa punje za kahawa kiwandani kwetu, sasa yuko Muyinga. Nilitaka anyamaze tu. Mama Mkurugenzi akasikia, akaagiza niende nikamhoji.

Ijumaa, 5. Muyinga.
Nimempelekea Bibi kilo mbili za sukari ili akumbuke vizuri. Amekumbuka vizuri mno. Siku ya moto kikosi kizima kilisimama mbele ya chumba cha pampu, mlango umefungwa. Baba hakutaka mtu aguse pampu yake, na siku hiyo alikwenda harusini Bugendana. Bibi akasema taratibu: “Baba yako alikuwaka mtu muzuri, mwanangu, ila ufunguo ilikuwa mu mufuko yake, kule Bugendana.”

Wachambuzi saba, wanawake pekee, yeye akiwemo, walilowesha magunia kwenye pipa la maji ya mvua wakaupiga moto mpaka ukafa. Mmoja wao, Martha, aliungua mikono yote miwili, hakuchambua kahawa tena. Majina yao hayakuandikwa popote. Bibi ameniomba niyaandike, kisha akanirudishia nusu ya sukari, wanangu wanywe chai. Nimeona aibu sana.

Jumapili, 7. Gitega.
Nikiandika ukweli, baba anaaibika na Kasiano anakuwa mkuu. Nikiuficha, Martha aliungua bure. Nilimpenda baba. Alikuwa akiniwekea ule ufunguo kiganjani niuhisi uzito wake, halafu anauchukua. Nimeuchana ukurasa wa gunia begani. Nimeandika majina saba.

Jumatatu, 15.
Sherehe. Nimesoma yote, majina saba na ufunguo. Wachambuzi wamepiga vigelegele. Kasiano kafuta machozi, mnafiki! Mama Mkurugenzi akasema anayesema ukweli juu ya baba yake mwenyewe ni wa kuaminiwa. Mkuu wa kikosi ni mimi! Nimekabidhiwa ufunguo. Ni ule ule, na uzito ule ule.

Jumamosi, 20. Muyinga.
Nimemletea Bibi Kadidja historia. Binti yake alikuwa anamsomea jina lake mara ya tatu simu yangu ilipolia. Kasiano: ghala la magunia linatoka moshi, ufunguo uko wapi? Nikagusa mfuko. Bibi akauliza ni nani. Nikamwambia ni mtu wa kazini tu.

Baada ya robo saa Kasiano akapiga tena. Wachambuzi wamelowesha magunia, moto umezimika, hakuna aliyeumia. Alhamdulillahi.

Lakini amekiri alijaribu kuvunja kufuli. Kufuli la pampu yangu! Jumatatu nanunua la pili, na funguo zote mbili nitatembea nazo mimi.