Neno Moja, Pigo Moja

Wananchi wote wa Sumbawanga na vitongoji vyake, wenye fimbo na wasio na fimbo, mnatangaziwa kwamba mchezo wa gofu umefika Ufipa, umepokelewa, umesajiliwa, na hauna mpango wa kuondoka.

Tangazo hilo lilibandikwa sokoni, stendi na kwenye mlango wa mashine ya kusaga ya mtaa wa Katandala. Chini yake palikuwa na saini ndefu ya Bwana Yusto, Mratibu wa Kitengo cha Gofu, Ukimya na Adabu. Kitengo kilikuwa na watumishi wawili: yeye mwenyewe na karani wake, Bi Ummy. Bwana Yusto aliratibu. Bi Ummy alifanya kazi.

Bwana Yusto alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa na miezi mitatu. Alijua hata siku zilizozidi, kwa kuwa mtumishi akifika sitini anastaafu, na neno hilo lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki. Alikuwa ameomba mkataba wa nyongeza wa miaka miwili. Makao Makuu wakamjibu kwa barua ya mistari miwili: atakuja mtu kuiona hiyo gofu yenyewe, ndipo waamue.

Gofu yenyewe aliipata ukubwani, kwenye semina ya siku tatu huko Arusha. Siku ya pili chai ilichelewa, washiriki wakatembezwa uwanjani ili wasinung'unike. Akapewa fimbo, akapiga mara moja. Mpira ukaenda. Tangu siku ile hakuwa mtu wa kawaida tena.

"Siri yote iko kiunoni," aliwaambia watu, hata wasiomuuliza. "Kichwa chini, mkono wa kushoto unyooke kama rula, kiuno kigeuke taratibu kama mlango wa ofisi wenye bawaba mpya. Mikono ni watekelezaji tu. Kiuno ndicho mtendaji mkuu."

Mafundisho haya aliyatolea Waraka Namba Nne, Kuhusu Kiuno. Ulipobandikwa, akina mama wa kijiji jirani cha Mollo waliusoma mara mbili, wakatazamana, wakauliza serikali imeanza lini kujishughulisha na mambo hayo.

Kwa upande wa vifaa, alikuwa na fimbo nane alizozipata mnadani kwenye nguo za mitumba. Tatu kati ya hizo zilitengenezewa watu wa mkono wa kushoto. Hizo alizitenga kwa ajili ya mazingira maalumu. Alikuwa pia na glovu moja nyeupe ya mkono wa kushoto, ambayo hakuivua hata kanisani, mpaka padri akampa pole akidhani ameungua.

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Mzee Lukmani, muuza spea wa Katandala. Huyu alikuwa na fimbo moja tu, bomba la maji alilolichomelea kipande cha springi ya Fuso. Mpira wake ulikuwa ukiruka kama kuku aliyeona mwewe.

"Fimbo hiyo haikidhi viwango," Bwana Yusto alimwambia.

"Mpira haujui hilo, Bwana Mratibu," Lukmani akajibu. "Usiuambie."

Lakini lililomnyima Bwana Yusto usingizi lilikuwa adabu. Adabu ya gofu inataka mtu akiinua fimbo, dunia inyamaze. Na dunia ya Ufipa hainyamazi mbele ya mtu mzima. Hupiti kando ya mkubwa wako kama unayepita kando ya mti. Unasimama, unachutama, unapiga makofi taratibu, unauliza habari za nyumbani, za ng'ombe na za ulezi, na yeye anakujibu moja moja. Na njia ya kutoka Mollo kwenda sokoni ilipita katikati ya uwanja wake wa mashimo tisa, hatua tatu kutoka shimo la mwisho.

Ikawa kila Bwana Yusto akishainamisha kichwa na kunyoosha mkono, kiuno kikiwa ndiyo kwanza kinaanza kutekeleza, anasikia mgongoni: "Shikamoo, baba!" Mpira unaishia kwenye viazi vya watu.

Ndipo akatunga Kanuni za Ukimya. Mchezaji ambaye mpira wake haujaingia shimo la mwisho, kila neno atakalotamka litahesabiwa kuwa pigo. Neno moja, pigo moja. Atakayefikisha mapigo mia atatangazwa mtovu wa adabu, na jina lake litabandikwa sokoni kwa mwaka mzima.

"Na wapita njia je?" Bi Ummy aliuliza.

"Wapita njia wote wasajiliwe kuwa wachezaji," akajibu Bwana Yusto. "Kwanza watakuwa chini ya kanuni. Pili, Makao Makuu wanapenda takwimu."

Meza ikawekwa penye njia. Anayetaka kupita, anaweka sahihi kwenye daftari la wachezaji. Katika mwezi mmoja Mollo ikawa na wachezaji wa gofu mia moja arobaini na sita, wengi wao wakiwa na vikapu kichwani. Taarifa ya Kitengo ilisema mwamko ni mkubwa.

Mgeni wa Makao Makuu akaja mwezi wa saba, na upepo wa Ufipa ukamlaki kabla ya Kitengo. Aliitwa Bi Justina, mwanamke mpole mwenye koti zito na faili jembamba. Ndani ya faili mlikuwa na karatasi moja, ombi la nyongeza la Bwana Yusto, na chini yake nafasi tupu ya uamuzi.

Kwa heshima yake paliandaliwa Kombe la Adabu. Mji ulijaa pale. Bodaboda walipaki safu mbili, wauza karanga wakaja, na mtu mmoja alileta kiti chake kutoka nyumbani. Watazamaji walishauriwa kushangilia kwa kutikisa vichwa. Wapita njia wa Mollo, walipouona umati, wakazungukia barabarani.

Mchuano ulikuwa mkali, wa kimya, wa kuchosha shingo. Hadi shimo la tisa, Lukmani alikuwa amemaliza kwa mapigo hamsini na nane, mawili yakiwa ni maneno "ya Rabi" aliyoyatamka springi ilipomgonga kwenye ugoko. Bwana Yusto alikuwa na hamsini na tano, na mpira wake ulilala shibiri moja kutoka shimoni, kwenye mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiupeperushe. Pigo moja tu lilibaki. Shibiri ile ingepigwa hata na mtoto, hata na ng'ombe mwenye nia njema.

Akainama. Kichwa chini. Mkono rula. Umati ukaacha kutafuna karanga.

Akaona miguu.

Ilikuwa miguu anayoijua, kwenye kandambili za bluu. Bibi Rozina wa Mollo, mama wa mkewe Mary, mama mkwe wake kwa miaka thelathini na miwili, alikuwa ameweka sahihi mezani kama kawaida na sasa amesimama penye njia na debe la ulezi kichwani.

Bwana Yusto hakutamka neno. Akamwinulia glovu.

Bibi Rozina akaitazama ile glovu. Akangoja. Mkwe hamsalimii mama mkwe kwa kupunga mkono kama anayesimamisha lori.

"Yusto?" akasema.

Glovu ikapanda tena.

"Baba, unaumwa?"

Bwana Yusto akatikisa kichwa, akaonyesha mpira, akaonyesha shimo, akaweka kidole mdomoni.

"Jamani!" Bibi Rozina akatua debe. "Mwanangu kapooza ulimi! Na ninyi mmekaa mnakula karanga!" Kisha akafanya jambo lililowafanya wazee wawili wavue kofia. Akachutama yeye kwanza, mama mkwe mbele ya mkwe, akaanza kupiga makofi taratibu, huku machozi yakimlengalenga.

Umati uliguna kama ng'ombe mmoja. Bi Justina, ambaye kwao ni Msanzi, huko huko Ufipa, alijikuta naye amechutama na faili lake.

Fimbo ikamponyoka Bwana Yusto. Akaanguka magotini kwenye oili chafu.

"Shikamoo, mama!"

"Hamsini na saba," akasema Bi Ummy, akiandika.

"Marahaba. Ulinitisha. Nyumbani hawajambo?"

"Nyumbani wazima, mama."

"Sitini."

"Kombe hilo linaelekea Katandala," Lukmani alimnong'oneza muuza karanga.

"Na Mary?"

"Mary mzima."

"Sitini na mbili."

Bibi Rozina hakuwa mtu wa kuruka habari. Aliuliza watoto, akauliza ng'ombe mwenye kwato mbovu, akauliza mahindi, akauliza lile paa la jiko linalovuja tangu mvua za mwaka juzi, na hapo Bwana Yusto alijieleza kwa urefu. Walipoagana, Bi Ummy alipiga mstari.

"Tisini na nane," alisema. "Mpira bado haujaingia."

Lukmani tayari alikuwa akijipangusa vumbi kwenda kupokea kombe. Bi Ummy akamnyooshea kiganja.

"Subiri, mzee. Kanuni ya Tatu: mshindi ni mchezaji aliyesajiliwa, akaingia uwanjani siku ya mashindano, akawa na mapigo machache kuliko wote. Bibi Rozina ni mchezaji namba themanini na saba. Ameingia. Ana sifuri."

"Lakini ameongea kuliko redio!"

"Maneno huhesabiwa kwa mwenye mpira. Yeye hana mpira."

Lukmani akakaa chini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Nimefungwa na mtu mwenye debe kichwani! Nikawaeleze nini dukani?"

"Bwana Mratibu, kanuni hizi ni zako?" Bi Justina akauliza.

Bwana Yusto akaitikia kwa kichwa.

Bibi Rozina akakabidhiwa kombe. Akalitazama ndani kama litafaa kupimia ulezi, kisha akauliza bingwa ana kazi gani. Bi Ummy akasoma Kanuni ya Tisa, ambayo Bwana Yusto aliitunga usiku mmoja akiwa na hakika bingwa atakuwa nani: bingwa ndiye atakayetoa maoni juu ya utendaji wa Mratibu, na maoni hayo ni ya mwisho, hayajadiliwi.

Bi Justina akafungua faili kwenye ile nafasi tupu. "Haya, mama. Makao Makuu wanasikiliza."

"Andika, mwanangu," akasema Bibi Rozina. "Mkwe wangu ni mtu mwema. Hajawahi kuunywa mshahara, hajawahi kumwinulia binti yangu mkono. Ila amechoka. Nimemkuta kwenye upepo, amevaa glovu moja, anatazama shimo, hasemi. Mtu akifika hapo anapumzishwa. Na msingoje hiyo miezi iliyobaki. Apumzike leo."

Bi Justina aliandika yote, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke.

Bwana Yusto akafungua mdomo. Bi Ummy akainua kalamu. Uwanja mzima ulijua hesabu: neno moja angeweza kulimudu, la pili lingempeleka sokoni ubaoni mwaka mzima. Alitafuta neno moja lenye kutosha. Alilipima "hapana", akalipima "rufaa". Lakini mbele yake mama mkwe alikuwa amesimama akimtabasamia, mikono yote miwili mbele, kama mtu aliyetoka kumpa mkwe wake zawadi na sasa anangoja kusikia amelelewa vipi.

"Asante," akasema Bwana Yusto.

"Tisini na tisa," akasema Bi Ummy, na kwenye safu ya maelezo akaandika: amekubali.