Mapazia ya NAWEZA

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimepiga marufuku neno "siwezi" nyumbani. Atakayelitamka ataosha vyombo. Nimedarizi NAWEZA kwenye mapazia, mito na taulo. Ndiyo raha ya kuwa fundi cherehani. Yote kwa ajili ya binti yangu wa miaka saba. Baiskeli anayo, kuipanda anaogopa, na Jumamosi watoto wa mtaa wanashindana. Kinyozi jirani anatamba kwamba mwanawe anaendesha bila kushika usukani. Tutaonana!

Mke wangu kaniuliza kama kesho nitawahi kurudi. Nikasema siwezi. Nimeosha vyombo.

Jumanne, 4 Machi
Nimemhutubia mtoto: kila kitu kinawezekana, ni nia tu. Kasikiliza kwa adabu, kisha kasema, basi baba panda wewe kwanza nione. Lo! Siri yangu ya miaka yote: sijawahi kupanda baiskeli. Nikasingizia mgongo. Mama yake akasema ukipanda mchongoma, kushuka ngoma. Maneno ya nini hayo?

Jumatano, 5 Machi
Nimejifunza alfajiri, kwa siri, nyuma ya duka la mikate. Baiskeli ya mtoto, magoti yananigonga kidevu. Nimeanguka mara kumi na moja, ya mwisho ndani ya ua wa michongoma. Aliyenichomoa nani? Kinyozi! Akaning'oa miiba mmoja mmoja, akiniambia kwamba hata mwanawe alianguka wiki tatu nzima. Sikumshukuru. Ana maringo.

Ijumaa, 7 Machi
Kumbe binti alinifuata juzi, akaona yote! Anasema alidhani watu wazima hawaanguki. Leo kachukua baiskeli mwenyewe. Kaanguka. Kacheka. Kaanguka tena. Mara ya sita akaenda, hadi duka la mikate! Nimelia hadharani na sioni haya.

Jumamosi, 8 Machi
Binti kawa wa mwisho mashindanoni. Kavuka mstari akipiga kelele za furaha, na mtoto wa kinyozi akampigia makofi. Wazazi wakaniuliza siri ya ujasiri ule. Nikawaambia ni mapazia.

Jumapili, 9 Machi
Sasa binti anataka kuogelea. Nimetangaza mtaa mzima: watoto wote waje bwawani, mwalimu ni mimi. Kofia kumi na tano za NAWEZA zimeshashonwa. Mke wangu kauliza kama nimewahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni. Nikamjibu siwezi kubishana na mtu asiye na imani.

Naandika haya mikono ikiwa na povu.