Bingwa Asiye na Kidole Gumba

"Sikilizeni, nyie mlioachwa na dunia!" Gazeti alipaza sauti, simu kaishika mbali na uso maana miwani kaisahau tena. Huyu ndiye msomaji wa habari wa kijiwe, na habari asipoisoma yeye kwanza huwa anasema ni ya uongo. "Wametokea watu wanatengeneza pedi mpya, vile vidude vya kushika na kubonyeza, za mashine za gemu za zamani. Zile za kaseti, kama hii yetu. Tena si kampuni iliyotengeneza mashine, hapana, ni kampuni nyingine kabisa imedandia tu."

"Pedi mpya ya mashine iliyokufa?" akauliza Nondo, mchomelea mageti. "Si sawa na kumnunulia marehemu viatu?"

"Tulia, hujasikia uhondo wenyewe. Hizi pedi zinafundishika! Unaibonyezea mapigo yako mara moja, inayakariri. Siku ya mechi unagusa kitufe kimoja tu, inapiga yenyewe mwanzo mpaka mwisho. Wewe umekaa, umetumbua macho."

Benchi zima likasonya. Lakini aliyesonya kwa nguvu kuliko wote alikuwa Sindano, fundi cherehani, mwenye hicho kibaraza walichokalia.

"Mwanamume mzima na ndevu zake anabebwa na plastiki!" akafoka. "Kesho atanunua ya kumtafunia chakula! Naapa, nikimwona mtu na kidude hicho hapa kwangu, nakikata na mkasi huu huu, kisha namkata na yeye!"

Maneno makali hayo, na sababu anayo. Kidude chenyewe kilikuwa ndani ya droo yake ya vifungo, hatua moja kutoka kwenye goti lake, kimefunikwa na kipande cha bitana.

Ukitaka kujua mtu mzima na akili zake kafikaje huko, tazama kiti. Pale kibarazani kulikuwa na tivi ya kichogo, mashine ya gemu isiyowaka mpaka kaseti ipulizwe kama moto wa kuni mbichi, benchi moja, na kiti kimoja chenye mgongo, mikono na mto. Benchi lilikuwa na msumari uliochomoza, na mchomelea mageti mwenye nyundo alilikalia kila siku asiugonge. Sheria ya kijiwe ilikuwa fupi: atakayeshinda Jumamosi anakalia kiti wiki nzima. Sindano alikuwa amekikalia mpaka watu wakamsahau aliyekuwepo kabla yake. Kutwa nzima kajikunja juu ya cherehani, jioni mgongo wake ulinyooka hapo tu.

Basi kidole gumba kikaanza kufa ganzi. Kilianza kidogo kidogo, mwisho sindano ikawa inamchoma asisikie. Na Nondo alikuwa anapanda kiwango kila Jumamosi. Nondo ni kaka wa mke wa Sindano, na kila akikitazama kile kiti husema, "Kimetoka nyumbani kwa dada yangu, kitarudi kwenye ukoo." Sindano alikuwa radhi anyang'anywe cherehani kuliko kunyang'anywa kiti na shemeji huyu, mbele za watu, kwa vicheko vile.

Ndipo akaagiza pedi. Akaisugua kwa msasa, akaipaka mafuta ya cherehani na vumbi la chaki ionekane kongwe. Mchana, mlango kaufunga, akaifundisha mapigo yake yaliyompa jina: ngumi mbili, teke la chini, mruko, moto. Kidole kikagoma, kikagoma tena, lakini pedi ilihitaji apatie mara moja tu. Akapatia.

"Maneno yametosha," akasema Bi Birika, muuza kahawa, ambaye ndiye refa wa kijiwe. Alipewa kazi hiyo kwa kuwa hakukitaka kiti. Alikuja na kigoda chake, na vigoda vya watu hakuviamini. "Leo Jumamosi. Pulizeni kaseti."

Sindano akajifanya anatafuta kifungo, akachomoa pedi yake, akaichomeka. Hakuna aliyeshtuka.

Raundi ya kwanza Nondo alikaa upande wa kulia wa kioo, na huko ndiko alikozikwa. Sindano aligusa kitufe, mapigo yakamwagika.

"Ee bwana!" Gazeti akaruka. "Mzee karudi ujanani!"

"Kidole ni kilekile," Sindano akajibu, akikitikisa kidole gumba kama cha kijana. "Nyie ndio mnazeeka."

Raundi ya pili Nondo akachoka kubanwa kwenye kona. Akamruka, akatua nyuma yake, upande wa kushoto. Sindano akabonyeza bila kufikiri. Loo! Mpiganaji wake aligeuza uso kumtazama Nondo, lakini miguu ikaendelea kwenda kulia kama ilivyofundishwa. Akawa anarudi nyuma huku anapiga hewa, kwa ufundi mkubwa kabisa, mpaka akagota ukutani.

"Anapigana na nani, mbu?" Gazeti akauliza.

"Shemeji, niko huku!" Nondo akapunga mkono. "Au nikuletee miwani ya Gazeti?"

"Hiyo ni mbinu," Sindano akasema, jasho linamtiririka. "Nakuchosha."

"Mimi? Mbona nimepumzika!" Nondo akamfuata taratibu pale ukutani, akammaliza kwa mateke ya kivivu.

Bi Birika hakucheka. Alikitazama kile kidole gumba muda mrefu, kisha akainua birika.

Raundi ya tatu Sindano akawa mwangalifu. Akamsukuma Nondo mpaka kona ya kulia, akahakikisha amekaa barabara, akabonyeza. Ngumi ya kwanza ikaingia. Hapo hapo kikombe cha kahawa kikatokea mbele ya pua yake.

"Pokea, mwanangu. Umetoka jasho sana."

Sindano alikuwa mtu wa hila, lakini alilelewa. Kikombe cha mtu mzima, wa umri wa mama yako, hukipokei kwa mkono mmoja. Mikono ikatangulia kabla ya akili: akaiweka pedi magotini, akainamisha kichwa, akapokea kwa viganja vyote viwili. "Asante sana, mama. Mungu akuzidishie."

Kwenye kioo mpiganaji wake hakuwa na habari ya kahawa. Ngumi ya pili. Teke la chini. Mruko. Moto. Nondo chali, tarumbeta ya ushindi ikalia.

Kibaraza kizima kikamgeukia Sindano, viganja vyake vyote viwili bado viko kwenye kikombe.

"Shemeji," Nondo akasema polepole, "unanipiga kwa magoti?"

Gazeti akaidaka pedi, akaigeuza, akakuta kitufe kidogo mgongoni. "Habari zilizotufikia hivi punde!" akapiga yowe. "Mkasi uko wapi? Leteni mkasi, kuna mtu aliapa!"

"Mapigo ni yangu!" Sindano akajitetea. "Yote nimeifundisha mimi! Kidole kimekufa ganzi, mnataka nifanyeje?"

"Ungesema, tungekupa pole," Nondo akajibu. "Sasa tunakupa benchi."

Bi Birika akainua mkono, wote wakatulia. "Mechi imechezwa, mshindi yupo. Huyu alikuwa anapokea kahawa, nimemwona, adabu zake nzuri sana. Aliyepiga ni huyu hapa." Akaichukua pedi, akaifuta mafuta kwa ncha ya aproni yake, akaiweka juu ya mto wa kiti. "Bingwa wa wiki."

"Hicho kiti changu!"

"Jumamosi ijayo mpige, ukikalie."

"Na nani ataibonyeza?" Sindano akauliza.

"Mimi," Nondo akasema. "Kwa kiwiko."

Gazeti akamwonea huruma, au alijifanya. "Mbona rahisi, fundi? Udhaifu wake si umeuona? Mruke tu, utue nyuma yake."

Sindano akakikunja kidole gumba chake. Kilikunjika nusu, kikaishia hapo. Kuruka kunataka gumba. Aliitazama ile pedi na roho ikamuuma kwelikweli: ndani yake kulikuwa na mapigo yake mazuri ya mwisho, na yenyewe haitakufa ganzi kamwe. Angepigwa naye, kila Jumamosi, na aliyemfundisha ni yeye.

Bi Birika akamimina kikombe cha kwanza, akakiweka kwenye mkono wa kiti. "Bingwa kwanza."

"Muulize kama anatumia sukari," Gazeti akasema, na benchi likavunjika mbavu.

Sindano akasogea kwenye benchi, akajipapasia nafasi, akakaa. Akaruka. Msumari haukuwa umehama.

"Shemeji," Nondo akamwambia kwa upole wote, "ukikaa, kaa upande ule. Hapo unamzibia bingwa upepo."