Nazi na Nywele Zake

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Nasimulia mwenyewe kabla Anita hajawasimulieni, maana yeye ataongeza chumvi (na kisa chenyewe hakihitaji).

Anita ni mwenzangu wa kazini. Tunapokea wagonjwa dirisha moja, zahanati ya meno, Khuwair ya Kusini, hapa Maskati. Kwao ni Wahindu, wavuvi wa pwani ya India. Mama yake yuko hapa kwa matembezi, na leo ilikuwa Narali Purnima, sikukuu yao ya nazi. Juzi Anita alisikia kaka yangu Khalfan amerudi kutoka Unguja na begi zima la nazi, akaniomba moja. "Ni ya mama, kwa mambo ya bahari. Tafadhali iwe na nywele zake."

Mambo ya bahari, mimi nikasikia samaki. Na hilo la nywele nikalicheka. Nimpelekee mama wa watu, mgeni, nazi na kishungi chake kichwani? Kwetu hiyo ni kumwambia shika, kajikunie. Adabu ninayo (na leo naijutia).

Basi mchana nikaitoa mbuzi ya kukunia ya mama yangu uvunguni. Ieleweke kwamba mimi siku zote napikia tui la kopo. Nikaivunja nazi, maji yake nikayanywa palepale nimesimama. Nikakuna mpaka kidole kikaonja meno ya mbuzi. Tui zito nikalitia chupa moja, jepesi chupa ya pili, zote mbili ndani ya mfuko wa zawadi wenye utepe. Mama yangu akapita jikoni, akanitazama vizuri. "Hivi nnaota?" akauliza, akaenda zake.

Saa kumi na moja na nusu jioni niko Sidab, pwani ya wavuvi. Familia ya Anita wamesimama ufukweni, mama yake kavaa sari ya kijani, kashika sahani ya maua, mchele na unga wa manjano. Nikatafuta jiko kwa macho, sikuliona. Nikamkabidhi mama mfuko kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Akatoa chupa. Akatoa ya pili. Kisha akachungulia ndani ya mfuko, akaupindua, akautikisa.

Hapo ndipo Anita aliponifahamisha, kwa sauti ndogo. Ile nazi si ya kupikia. Inapewa bahari, nzima, na kishungi chake, kabla jua halijazama. Huko kwao India, miezi yote ya mvua mashua zimekaa nchi kavu, na kesho wana wawili wa mama huyu wanaingia majini. Tangu aolewe hajakosa hata mwaka mmoja kuwaombea watu wake hivyo, kwanza mumewe, sasa wanawe. Huu ni mwaka wake wa kwanza mbali na ufukwe wa kwao, na nazi yake nimeitia kwenye chupa.

Niliona aibu, na moyo uliniuma kweli. Mama akasema neno, Anita akatafsiri: "Anauliza maji yake yako wapi."

Kungekuwa na uongo wa maana ningeusema.

"Nimeyanywa."

Anita akatafsiri. Familia nzima ikalitazama tumbo langu.

Nikampigia Khalfan. Simu ikawa inakatika, ikabidi nipige kelele mbele ya sari zote zile: "Lete nazi! Usiivunje, usiinyoe, ilete na nywele zake!" Nikamwambia ni ya kutiwa baharini. "Dada," akasema, "nazi nimeibeba kutoka Unguja, naivusha bahari nzima, nije kuirudisha baharini?" Nikamwambia awashe gari, maswali nyumbani.

Alifika jua limebaki ukucha. Mama akaipokea, akaipaka unga wa manjano, akaingia majini na sari yake mpaka magotini. Akasema na bahari taratibu, kisha akaiachia nazi. Mimi nilikaa pembeni na viatu mkononi, nikawaombea wanawe kwa dua zangu.

Alipotoka majini akawapigia simu ya video, huku anajifuta machozi. Akaongea, akacheka, ghafla akanigeuzia simu usoni. Wanaume wawili wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sikuomba tafsiri, Anita akanipa: "Anawaambia bahari imeshapata nazi yake, na huyu ndiye aliyekunywa maji ya ile ya kwanza."

Kwa hiyo kesho alfajiri, ng'ambo huko, kuna mashua inaingia majini na watu ndani yake wananicheka. Basi na wacheke. Wacheke kwenda na kurudi, mradi wamrudie mama yao salama. Wao nimewapa ruhusa. Nyinyi sijawapa.