Uso Wangu na Magoti ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi

Nimeing'amua siri. Peke yangu, bila msaada wa mtu.

Chumba chetu cha dawa za utafiti, kule nyuma ya hospitali, kina makabati mawili ya dawa ya magoti. Nusu ya wagonjwa wanakunywa dawa mpya inayojaribiwa. Nusu wanakunywa kidonge kitupu, kisicho na dawa ndani, kinachofanana nayo kwa rangi, kwa ukubwa, hata kwa uchungu wake mdomoni. Nani anapata nini, haambiwi mtu. Mgonjwa hajui, daktari hajui. Mama Mfamasia, mkubwa wetu, anadai hata yeye hajui.

Leo nimemwona akifunga kabati la kushoto. Akafunga, akakitikisa kitasa, akakitikisa tena. La kulia akalifunga na kuondoka zake. Sasa nani anahangaika na kitasa cha kabati la vidonge vitupu? Kushoto ni dawa. Kulia ni bure tupu.

Nimefurahi mpaka chai imepoa. Mwenzangu Kipimajoto (tunamwita hivyo kwa sababu maishani hapendi kitu kama kusoma joto la friji) ameniuliza nachekea nini. Nimemwambia sicheki. Miaka yote kakaa humu na hajaona kitu, maskini.

Halafu nikakumbuka chupa ya Shangazi. Nimeiandaa mwenyewe wiki iliyopita. Ilitoka kulia.

Jumanne, 5 Machi

Sijalala vizuri. Shangazi ndiye aliyenilea na ninaishi kwake. Ni fundi wa nguo. Cherehani yake, ile ya kukanyaga kwa miguu, iko chumba cha juu, na tangu magoti yamgomee hajaiona. Anashinda sebuleni akishona vifungo kwa mkono na kusema yuko salama. Hayuko salama. Namsikia akiongea na zile ngazi kama mtu anayebembeleza mlinzi getini.

Alipojiunga na utafiti nilitakiwa kusema kwamba ni ndugu yangu. Sheria imebandikwa ukutani, mbele ya meza yangu. Lakini ningesema, kuandaa chupa angepewa Kipimajoto. Nikaufyata.

Jioni tumekula kuku. Nikamtazama Shangazi, huruma ikanijaa, nikamwekea paja langu kwenye sahani yake. Kosa kubwa. Aliliangalia lile paja, akaniangalia mimi. Akauliza tangu lini mimi nikagawa paja. Akauliza kama daktari amesema anakufa. Nikamwambia hapana, na kwamba mambo ya chupa sijui chochote. Akasema uso wangu haujawahi kujua kudanganya, tangu enzi za kuiba sukari.

Alipoinuka mezani magoti yalimuuma hata kuliko jana. Akaenda chumbani akishika ukuta.

Jumatano, 6 Machi

Mpango mpya. Nitafurahi kwa nguvu zote.

Nimefanya mazoezi ya kutabasamu kwenye kioo cha choo cha wafanyakazi. Kipimajoto akanisikia nikicheka humo ndani peke yangu. Alinisubiri mlangoni, akaniambia kwa upole kwamba daktari wa akili yuko jengo la pili. Wivu.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Nimetabasamu wakati wa chai, wakati wa kula, wakati wa taarifa ya habari, ambayo ilikuwa ya mafuriko. Shangazi ananitazama tu. Taratibu uso wake ukakunjuka. Akauliza kama kazini kuna jambo zuri. Nikasema mimi sisemi kitu, huku meno yote yako nje.

Akainuka. Akashika mkono wa ngazi. Akapanda hadi kati, akapumua, akamaliza. Nikasikia kiti kinavutwa, kisha cherehani ikaanza, kwanza kwa kusitasita, halafu mfululizo. Ametia mikono kwenye gauni lililokuwa linamsubiri tangu mwaka jana.

Mimi ni mtu hatari sana.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeharibu.

Shangazi alipanda tena jioni. Nikamfuata na chai, nikasimama mlangoni. Miguu inakanyaga, anaimba kwa pua, kitambaa kinapita chini ya sindano. Nikawaza: na mwenzetu anakunywa hewa. Chozi moja likatoka, moja tu, na ndilo alilogeukia.

Miguu ikasimama. Alishuka ngazi akiwa amekaa, moja moja, na mimi nyuma yake nimebeba chai.

Chini akasema kesho anarudisha chupa na kujitoa. Hawezi kumeza kidonge kitupu ili watu wamwandike. Nikamsihi. Nikamwambia akijitoa anapoteza daktari wa magoti anayemwona kila mwezi, na dawa ikifaulu, wa kwanza kupewa ni wale waliovumilia hadi mwisho. Akasema basi nimtazame usoni nimwambie chupa yake ina dawa.

Nikatazama zulia.

Ijumaa, 8 Machi

Kaja kweli. Nimemwona dirishani, na fimbo yake na chupa ndani ya mfuko wa nailoni. Nikajibanza nyuma ya friji. Mgongo ukaisukuma friji, mlango wake ukafunguka, kengele ikalia, Kipimajoto akaja mbio kama nyumba inaungua. Ndivyo nilivyopatikana.

Shangazi aliweka chupa kwenye kaunta. Akamwambia Mama Mfamasia kwamba anashukuru ila anajitoa, kwa sababu amejua anakunywa kidonge kitupu. Mama Mfamasia akauliza nani kamwambia. Shangazi akasema hajaambiwa na mtu, kamsoma mtoto wa kaka yake usoni. Akaninyooshea fimbo.

Mama Mfamasia akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, nimejuaje. Nikasema: kitasa.

Nikaeleza. Walinisikiliza wote, hata Kipimajoto, bado kaushikilia mlango wa friji.

Kitasa cha kushoto ni kibovu. Ndiyo habari yenyewe. Usipokitikisa hakishiki, na Mama Mfamasia amemwomba fundi aje mpaka amechoka. Kulia ni mzigo uliofika mwanzo, kushoto ni uliofika baadaye, na dawa na vidonge vitupu vimechanganywa kote kote. Anayejua namba ipi ya chupa ni dawa na ipi ni kitupu yuko ofisi nyingine kabisa, na hajawahi kuniona mimi wala Shangazi.

Nilitamani kurudi nyuma ya friji.

Mama Mfamasia akamvutia Shangazi kiti. Akamuuliza habari za wiki nzima, na Shangazi akamsimulia: paja la kuku, mluzi, ngazi, chozi. Mama Mfamasia akasema, basi mama, Jumatano ulipanda na Alhamisi ukashuka umekaa, na chupa ilikuwa ile ile. Aliyekuwa anakutibu ni uso wa huyu kijana. Akasema ndiyo maana wanaficha, si kwa kumchezea mtu. Wakijua nani anakunywa nini wataona wanachotaka kukiona, na dawa itasifiwa kwa kazi ambayo haikuifanya.

Shangazi akauliza, kwa hiyo yake huenda ikawa dawa kweli. Mama Mfamasia akasema huenda.

Shangazi akairudisha chupa mfukoni. Lakini, akasema Mama Mfamasia, madaktari lazima waambiwe, na wao ndio wataamua kama anabaki. Jibu Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Nakula nikiwa nimeelekea ukutani. Amri ya Shangazi. Nimemsikia chumbani akimwomba Mungu wasimtoe. Mimi pia nimeomba, kimoyomoyo, maana kwa sauti siaminiki.

Jumatatu, 11 Machi

Anabaki!

Madaktari wamesema hakuna siri iliyovuja, kwa kuwa niliyedhaniwa kuivujisha sikujua chochote. Kwa ufupi, ujinga wangu umemwokoa Shangazi. Nimelisema hilo kwa Mama Mfamasia na hakulipokea nilivyotarajia.

Nimepewa onyo. Chupa sishiki tena. Kazi yangu ni kupokea maboksi na kuangalia kama yamefika yakiwa na ubaridi wake. Dawa za Shangazi ni za Kipimajoto. Kitasa kimetengenezwa.

Nimemkumbatia Shangazi mpaka akasema namvunja. Nilifurahi kweli, safari hii bila kioo.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo Shangazi kaja kuchukua chupa mpya. Daktari amempima magoti, amesema uvimbe umepungua. Sababu hakusema, kwa kuwa haijui. Nami nimeapa kutochunguza tena jambo lolote. Nimekoma kabisa.

Ila nilikuwa nyuma ya mlango na boksi langu, na nimemwona Kipimajoto akimkabidhi ile chupa. Alitabasamu. Kipimajoto, ambaye hatabasamu hata siku ya mshahara! Nani anampa mtu kidonge kitupu huku anatabasamu? Hakuna. Mambo yako wazi.

Jioni nimekaza uso kama ukuta. Nimejing'ata mashavu kwa ndani. Nimeomba chumvi kwa sauti ya mtu wa benki. Shangazi akanitazama kitambo, akaweka kijiko chini, akachukua mkasi wake na kuinuka.

Nakaa hapa naandika, na cherehani inakwenda juu ya kichwa changu bila kupumzika. Sijamwambia neno hata moja.